Mpaka Uliochorwa Barazani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yake ilikuwa kufagia karakana ya baba. Baba alikuwa seremala, na maranda yaliyotoka kwenye mbao yalijaa sakafuni hadi yakafunika vidole vya miguu. Mtoto mwingine angefagia taratibu huku akinung'unika. Yeye alifagia mbiombio, akayasukuma maranda yote nyuma ya mlango, akatundika ufagio na kupiga kelele, "Tayari!"

Mama, aliyekuwa akimimina chai jikoni, alicheka. "Huyu mtoto amemeza upepo."

Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Mwepesi. Alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu, wa kwanza kufika bombani, wa kwanza kunyoosha mkono hata kabla mwalimu hajamaliza swali. Jina lile lilimpendeza, akalivaa kama sare mpya. Kuhusu maranda ya nyuma ya mlango, hakuna aliyemuuliza.

Siku za Ijumaa, baada ya masomo, Mwepesi alihudhuria klabu ya misitu. Mwalimu wao alikuwa bwana misitu, afisa aliyesaidia jamii kutunza msitu wao. Alikuja kwa pikipiki iliyojaa matope, na kofia yake ngumu hakuivua mpaka aone watoto wote wametulia. Msitu wenyewe ulianzia nyuma ya shule, ukateremka hadi kwenye kijito cha bondeni. Kila mwaka ulimegwa kidogo kidogo. Huyu aliongeza tuta moja la mahindi, yule alichoma tanuri moja la mkaa, na kila aliyeulizwa alijibu, "Sikujua mpaka uko wapi." Sasa kamati ya msitu ilikuwa imeamua kuchora ramani kwa simu na kuionyesha mikutanoni, ili neno "sikujua" lisisikike tena.

"Simu hii inapokea ishara kutoka setilaiti," bwana misitu aliwaeleza. "Simama kwenye jiwe la mpaka. Utaona duara la bluu, kubwa. Maana yake simu bado inakisia. Subiri. Likishasinyaa, bonyeza 'weka nukta,' kisha nenda jiwe linalofuata."

Mwepesi alikuwa ameshanyoosha mkono. "Lakini hapa pana picha ya msitu wote, imepigwa kutoka juu. Si mtu anaweza kugusa tu picha kwa kidole?"

"Anaweza. Simu itapokea wala haitauliza. Lakini ukiwa juu kule, mti ni mti tu. Hujui aliyeupanda, wala hulioni jiwe lililo chini yake. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: mguu kwanza, kidole baadaye. Semeni!"

"Mguu kwanza, kidole baadaye!" watoto waliitikia, na sauti ya Mwepesi ilizipita zote.

Wanakamati walijigawia sehemu ndefu. Klabu ya shule ilipewa kipande kifupi, kutoka uwanja wa mpira hadi kijitoni, kikipita nyuma ya shamba la shangazi yake Mwepesi. Mwepesi alikabidhiwa simu. Mwenzake alikuwa mvulana wa darasa lao waliyemwita Kinyonga, kwa sababu hakukanyaga mahali bila kupajaribu kwanza.

Jumamosi walianza vizuri. Mawe ya juu yalikuwa yamepakwa chokaa, na yalionekana kwa mbali. Mwepesi alisimama, duara likasinyaa, akabonyeza. Lakini walipofika kwenye korongo, mawingu yaliyokuwa yakiwafuata yakafunguka. Mvua ilipiga, udongo ukawa utelezi mtupu, na gogo ambalo watu walilitumia kuvukia likaanza kutikisika majini.

"Turudi," alisema Kinyonga. "Kesho tutakuja na mtu mzima."

"Kesho wanakamati watakuwa wamemaliza!"

"Wamalize. Kwani tunagombania nini?"

Moyo ulimuuma Mwepesi. Alimwahidi Kinyonga kwamba kesho yake atarudi na baba, akaichukua simu kwenda nayo nyumbani.

Baba alikuwa ameenda kumpelekea mteja mlango wake. Mama alikuwa jikoni. Mwepesi aliketi barazani, mvua ikichuruzika kutoka kwenye bati, akafungua ile picha. Msitu ulionekana wazi, kijani kibichi. Mashamba yalikuwa ya rangi ya udongo. Mpaka ulijionyesha wenyewe, hata mtoto mdogo angeufuata. Akagusa ukingo wa kijani mara moja. Simu ikapokea. Akagusa tena, na tena, mpaka kidole kikafika kwenye kijito. Chai yake ilikuwa haijapoa.

"Tayari," alisema. Lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini.

Jumatatu Kinyonga alimuuliza, "Mlirudi?"

"Tulirudi jana. Mimi na baba."

"Korongo mlivukaje?"

"Kwenye gogo."

Kinyonga aliitikia kwa kichwa. Mwepesi aliona jinsi uongo wa kwanza unavyoita wa pili uje kuushikilia. Lakini bwana misitu aliposema mbele ya klabu nzima, "Hawa wamemaliza kabla ya wakubwa! Wapigieni makofi," wasiwasi wote ulimtoka, na kichwa kikavimba.

Mkutano ulifanyika katika darasa kubwa la shule. Shuka jeupe lilitundikwa ubaoni, na projekta ikamulika ramani juu yake. Watu walifurahi mno. Walitafuta mapaa yao, wakaonyeshana kisima, wakachekana. "Ona choo changu kilivyo kidogo kutoka mbinguni!" alisema mmoja, darasa likaangua kicheko. Kisha bwana misitu akawasha mstari mwekundu wa mpaka, na macho yote yakaufuata kutoka uwanja wa mpira kuteremka bondeni.

Mstari haukupita nyuma ya shamba la shangazi. Ulipita mbele yake. Shamba zima lilikuwa ndani ya msitu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane na mfugaji wa nyuki. Yeye na marehemu mumewe walipanda miti shamba zima, miaka nenda miaka rudi, ili nyuki wapate maua, na chini ya kivuli wakalima maharage. Majirani zake walikuwa wamekata mti hadi wa mwisho, kwa hiyo pichani mashamba yao yalionekana ya udongo, na mstari uliwaacha salama. Shamba la shangazi lilikuwa la kijani, na kidole cha Mwepesi kilifuata kijani.

"Mama," mwenyekiti wa kamati alimwambia shangazi kwa uchungu, "kumbe mizinga yako iko ndani ya msitu wa watu?"

Minong'ono ikazuka. "Loo! Na ndiye anayetukemea tukikata fito!"

Shangazi alisimama. "Mpaka uko chini ya shamba langu, karibu na kijito. Mawe yapo. Nimeyaona tangu nilipoolewa."

"Mawe huhamishwa," alidakia mchoma mkaa mmoja aliyeketi nyuma, ambaye shangazi alikuwa amemsema mara nyingi. "Setilaiti haina mjomba wala shangazi!"

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Ndipo baba akainuka. Mwepesi alidhani atamtetea dada yake.

"Dada," alisema baba, ameinamisha kichwa, "ningependa kunyamaza. Lakini aliyetembea mpaka huu ni mwanangu mwenyewe, na huyu simjui kwa uongo. Kama tumekosea, tukubali kwa heshima."

Shangazi alimtazama mdogo wake kwa muda. Kisha akageuka, akamtafuta Mwepesi kati ya wanafunzi. "Mwanangu, ulifika bondeni? Uliyaona mawe?"

Mwepesi aliona macho ya baba, macho ya bwana misitu, macho ya wanafunzi wenzake waliompigia makofi.

"Ndiyo, shangazi. Nilifika."

"Basi," alisema shangazi. Alijitanda mtandio wake akatoka. Bwana misitu alitangaza kwamba mwenye malalamiko ayalete kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ramani ingepelekwa wilayani, na aliye ndani ya mpaka angetakiwa kuondoka. Mwepesi hakusikia vizuri. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Jumapili shangazi hakuja. Kwa kawaida alikuja na chupa ya asali, akakaa jikoni na mama wakicheka hadi jioni. "Wifi ametususa," mama alisema, akaitikisa chupa ya zamani iliyobaki ukoko chini. Bombani watu walimsifu Mwepesi: "We mtoto kiboko, umemkamata hata shangazi yako!" Kila sifa ilimchoma. Alijificha nyuma ya ndoo yake, akaona haya hata kuinua macho. Asubuhi alifagia karakana kimya, na lile neno "tayari" halikumtoka tena.

Siku moja, wakitoka shule, Kinyonga alitembea kando yake. Kisha akasema, "Nilipita korongoni. Lile gogo halipo. Wachunga mbuzi wanasema lilisombwa jioni ile ile tuliponyeshewa."

Mwepesi alisimama.

"Mimi sitamwambia mtu," Kinyonga aliendelea, akitazama miguu yake. "Hilo si neno langu. Ni lako." Akakata kona kwenda kwao.

Mwepesi alibaki njiani peke yake, uso ukimwaka moto. Hapo ndipo aliposikia mlio kutoka upande wa shamba la shangazi. Ko! Kimya kidogo. Ko! Alikimbia. Alikuwa amekimbia mara nyingi maishani ili awe wa kwanza, lakini safari hii alikimbia kwa hofu.

Shangazi alikuwa amejifunga mtandio kiunoni, jasho likimtiririka, shoka mkononi. Mti mmoja mkubwa ulikuwa umelala chini, majani yake bado mabichi. Mzinga uliokuwa ukining'inia juu yake uliwekwa kando, na nyuki walizunguka hewani wakitafuta tawi lao.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nakata." Hakumtazama. "Majirani walikata yote, na mashamba yao hakuna anayeyagusa. Mimi nilipanda, nikaitwa mwizi. Basi setilaiti ikipiga picha tena ikute uwanja mtupu, iniachie shamba langu."

"Lakini hii ni miti yako!"

"Ndiyo iliyoniponza."

Akausogelea mti wa pili, ule ambao mumewe aliupanda mwenyewe karibu na mlango wa nyumba. Aliinua shoka. Mwepesi alitupa mkoba wake, akaukumbatia ule mti kwa mikono miwili.

"Usikate! Sikufika!"

"Toka hapo, utaumia. Hukufika wapi?"

"Bondeni." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Sikufika bondeni, shangazi. Mvua ilinyesha, nikachora nyumbani, barazani, kwa kidole. Nilifuata kijani. Nilifuata miti yako."

Shoka lilishuka polepole hadi chini. Shangazi aliketi juu ya mti aliouangusha.

"Nilikuuliza mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Nilikutazama machoni, nikasema, huyu ni damu yangu, hatanidanganya."

"Ndiyo, shangazi."

Mwepesi alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani. Lakini shangazi hakumpiga. Alifunika uso kwa mtandio akalia, mabega yakitikisika, na Mwepesi, ambaye hakuwahi kumwona akilia tangu msiba wa mumewe, alisimama pale hajui aweke wapi mikono yake. Aibu aliyoiona darasani ilikuwa ndogo. Hii ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Baada ya muda shangazi alijifuta. "Nenda kamwambie baba yako. Mimi sitakwenda kukusemea. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga ndiye anayepaswa kupangusa sakafu."

Baba alikuwa akipiga randa. Mwepesi alisimama mlangoni, akasema yote bila kupunguza. Alisema barazani, alisema gogo, alisema ule uongo wa mkutanoni. Randa lilisimama katikati ya ubao.

"Nilimwaibisha dada yangu mbele ya kadamnasi," baba alisema hatimaye, "kwa sababu ya neno lako." Akanyoosha mkono na kuuvuta mlango. Lundo la maranda ya siku nyingi likaporomoka sakafuni. "Haya nilikuwa nayaona. Nikasema, aa, ni utoto. Nilipaswa kukukanya siku ya kwanza." Akavaa shati lake. "Twende kwa shangazi yako. Sote wawili tuna la kusema."

Wakati baba akimpigia dada yake magoti, Mwepesi aliangalia pembeni. Ilikuwa vigumu kuona baba yake akiomba msamaha kwa kosa ambalo mzizi wake ulikuwa yeye. Shangazi alimwinua mdogo wake kwa mkono. "Inuka bwana, utachafua suruali," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na chembe ya mzaha.

Ijumaa Mwepesi alimweleza bwana misitu. Afisa yule alivua kofia yake ngumu, akaishika kwa mikono miwili.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilitakiwa kuhakiki kabla sijaionyesha kwa watu. Nilifurahia wepesi wako, nikasahau kanuni niliyoifundisha mwenyewe."

Kesho yake walikwenda wote: bwana misitu, baba, shangazi, Kinyonga na Mwepesi mwenye simu. Waliliteremka korongo kwa kamba, matope yakawafika magotini. Mawe ya huko hayakuwa na chokaa. Yalikuwa yamezama chini ya majani makavu, na Mwepesi aliyafukua kwa mikono. Alisimama kwenye kila jiwe. Duara la bluu lilikuwa kubwa, akangoja. Mbu walimuuma, akangoja. Kinyonga alimtazama akatabasamu. "Leo nani kinyonga?" aliuliza. Mwepesi alitaka kucheka, akashindwa.

Jiwe la mwisho lilikuwa karibu na kijito. Shamba la shangazi lilikuwa juu yake, nje ya msitu, kama alivyosema tangu mwanzo.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Kabla ya projekta kuwashwa, Mwepesi alisimama mbele. "Ramani mliyoiona ilikuwa ya uongo," alisema. "Kipande cha bondeni sikukitembea. Nilikichora kwa kidole nyumbani. Shangazi aliponiuliza hapa, nilimdanganya. Yeye hajala msitu. Nisameheni." Hakuna aliyecheka. Baba alisimama, akamwomba dada yake radhi mbele ya watu wale wale. Yule mchoma mkaa aliinama, akajifanya anatafuta kitu chini ya dawati.

Bwana misitu alionyesha mstari mpya, kisha akasema, "Wanangu, na ninyi wakubwa, sikieni. Simu haina haya. Ukiipa uongo, itaupokea na kuuchora kwa mstari mzuri, na watu watauamini kwa sababu ni mzuri. Haya tunazo sisi wenye nyuso. Usiweke nukta mahali ambapo mguu wako haukufika, wala usitie neno mahali ambapo ukweli wako haukufika. Na ukishakosea, sema upesi. Huo ndio wepesi wenye faida. Huyu mtoto angesema siku ya kwanza, ule mti ungekuwa umesimama."

Watu walipotoka, shangazi alimwita Mwepesi kando. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini mti haujarudi. Jumapili njoo na jembe."

Alikwenda. Kando ya kisiki alichimba mashimo, akapanda miche, akaimwagilia mmoja mmoja. Nyuki walikuwa wamehamia tawi jingine. Kila alipokitazama kisiki, uso ulimpata joto, na shangazi, aliyeona, hakumwambia aache kukitazama.

Asubuhi iliyofuata alifagia karakana. Alivuta mlango, akazoa maranda ya nyuma yake, yale ya jana na yale ya zamani yaliyoganda kwenye kona. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na mama alishangaa kutosikia kitu.

"Mwepesi! Tayari?"

Alipiga magoti, akachungulia chini ya meza ya baba.

"Bado, mama," alijibu.